Ndoto za Fundi Rutayisire

Daphrose aliamka mapema kila siku. Aliwasha moto, akachemsha uji wa mtama, akafagia ua huku mtoto akiwa mgongoni. Nyumba yao ilikuwa Kicukiro, kando ya barabara ya udongo inayoshuka bondeni. Ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba viwili. Mume wake, Rutayisire, aliijenga mwenyewe wakati bado anaona.

Uji ukiiva, Daphrose alisubiri. Alijua mume wake ataamka na habari.

"Mama Gwiza!" Rutayisire aliita kutoka kitandani. "Leo nimeona tena."

"Umeona nini?"

"Nimeona ukuta. Ukuta mrefu wa matofali mekundu. Kamba yangu imenyooka. Mwiko uko mkononi. Jua linapiga mlima Jali, na mlima ni wa kijani kabisa. Nimeona kila kitu, Daphrose!"

"Halafu?"

"Halafu nikafungua macho. Nikakosa kila kitu."

Daphrose alichukua bakuli la uji, akaliweka katika mikono ya mume wake, akamkunjia vidole juu yake mmoja mmoja. Kisha akamshika mkono, akamtoa nje, akamkalisha kwenye kigoda chini ya upenu wa nyumba. Hapo ndipo Rutayisire alikaa mpaka jioni. Alikaa hapo jana, na juzi, na mwaka mzima uliopita.

Rutayisire alikuwa fundi mwashi. Watu wa Gikondo na Kicukiro walimjua kwa kuta zake zilizonyooka. Mwezi wa nne mwaka 1990, yeye na wenzake walikuwa wanazima chokaa katika pipa, yaani kuichanganya na maji. Mtu mmoja alimwaga maji mengi mara moja. Chokaa ikachemka, ikaruka, ikampiga Rutayisire machoni.

Wenzake walimfuta kwa kitambaa. Mmoja alimtia maziwa. Mwingine alileta majani, akayakamua ndani ya macho. Walimfikisha hospitali siku ya pili. Tangu hapo Rutayisire hakuona tena, ila mwanga kidogo upande wa kulia.

Miezi minne baadaye Daphrose alizaa mtoto wa kike. Walimwita Gwiza. Baba yake hakuwahi kumwona hata siku moja.

Mama yake Rutayisire aliitwa Épiphanie. Alikuwa mkulima wa Ndera. Jumapili, baada ya misa, alikuja kumtembelea mwanawe, akiwa na kapu la viazi vitamu kichwani. Swali lake la kwanza lilikuwa moja siku zote.

"Mwanangu, umeota?"

"Nimeota, mama. Nimeona ukuta."

"Mungu asifiwe! Macho yanarudi. Kama yamekufa, yanaonaje usingizini? Yanajaribu kwanza huko, halafu yatakuja mchana."

Épiphanie alikuwa amempeleka mwanawe kwa mganga mmoja. Mganga aliwaambia maneno hayo hayo. Kisha akaongeza sharti. Rutayisire asishike fimbo ya kipofu. Asijifunze kazi yoyote ya vipofu. Akifanya hivyo, macho yatakasirika, hayatarudi.

Rutayisire aliamini. Angefanya nini? Alitaka kuona kuliko alivyotaka kula. Alitaka kuona uso wa mtoto wake. Kwa hiyo hakushika fimbo. Hakujaribu kwenda chooni peke yake. Alikaa kwenye kigoda, akasubiri kulala ili aone.

Daphrose naye aliuza nyanya katika soko la Kicukiro, akachota maji, akapika, akafua, akamwongoza mume wake chooni, akamlea mtoto. Usiku alichoka mpaka hakuota kitu.

Siku moja, mwezi wa kumi na moja mwaka 1991, mvua ilinyesha asubuhi nzima. Mchana ikakatika. Gwiza alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Alikuwa ameanza kutembea, anaanguka, anainuka. Alilala kwenye mkeka karibu na baba yake.

"Baba Gwiza, mtoto amelala," alisema Daphrose. "Nakwenda bombani. Narudi sasa hivi."

"Sawa."

Lakini bombani kulikuwa na foleni ndefu. Rutayisire alisikiliza pumzi za mtoto. Hewa ilikuwa na joto. Kidogo kidogo usingizi ukamchukua hapo hapo kwenye kigoda.

Aliota Gwiza anamjia mbio uani. Alifurahi sana. Akainama amtazame usoni. Uso ule haukuwa wa Gwiza. Ulikuwa wa Kabagwira, dada yake mdogo aliyekufa zamani kwa homa. Ndoto haikuwa na uso wa Gwiza. Ilimpa uso mwingine.

Rutayisire akashtuka. Akanyoosha mkono kwenye mkeka. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Gwiza?"

Alipapasa huku na huku.

"Gwiza! Gwiza!"

Alisimama. Alipiga hatua mbili, akagonga ndoo, akaanguka. Alisimama tena, na sasa hakujua nyumba iko upande gani. Alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Jamani! Mtoto! Mtoto wangu amepotea! Jamani, nisaidieni!"

Barabarani mtu alikuwa anapita. Kitu fulani kiligonga mawe ya njia, tak, tak, tak. Kikasimama mbele ya ua.

"Kuna nini hapo?" iliuliza sauti ya mwanamke.

"Mtoto wangu! Ametoka hapa sasa hivi! Tafadhali mama, angalia bondeni, angalia kila mahali!"

"Siwezi kuangalia. Na mimi sioni. Ninaitwa Mukasine, mfuma sweta."

Rutayisire alishika kichwa. "Mungu wangu! Kati ya watu wote wa Kicukiro, nimeletewa kipofu!"

"Nyamaza," alisema Mukasine.

"Nini?"

"Nyamaza kabisa. Ukipiga kelele, hatutamsikia. Sikiliza."

Rutayisire alinyamaza. Moyo wake ulikuwa unadunda masikioni. Halafu akasikia kuku. Akasikia redio ya jirani, mbali. Akasikia matone yakianguka kutoka kwenye migomba. Chini ya sauti hizo akasikia nyingine ndogo. Pwa. Pwa. Kama kiganja kinachopiga maji.

"Umesikia?" aliuliza Mukasine. "Huko kuna nini?"

"Shimo," Rutayisire alisema. "Nililichimba mimi. Nilitoa udongo wa matofali ya nyumba hii. Mvua imelijaza."

"Kina chake?"

"Kinafika kiunoni."

"Usikimbie. Ukikimbia utamwangukia, mwingie shimoni nyote. Piga magoti. Nenda kwa mikono. Mwite kwa sauti ya kawaida, kama unataka kumpa ndizi. Ninakuja nyuma yako."

Rutayisire alipiga magoti katika tope. "Gwiza," aliita. "Gwiza, njoo kwa baba." Mikono yake ilishika majani, kisha mawe, kisha udongo laini. Aliujua udongo ule. Mikono yake ilikumbuka jinsi alivyokata ukingo wa shimo, na mahali unapoteremka. Pwa. Pwa. Alinyoosha mkono wa kulia. Akashika kisigino kidogo, baridi, kilichojaa tope.

Alimvuta mtoto kifuani. Gwiza alilia kwa hasira, kwa sababu ameondolewa kwenye mchezo wake.

Daphrose aliporudi aliwakuta wamekaa chini karibu na shimo: mume wake, mtoto, na mwanamke asiyemjua. Wote wamejaa tope. Aliliona shimo na akaelewa. Aliweka jerikani chini, akakaa papo hapo, akalia.

Daphrose aliwaosha wote. Kisha akapika chai ya maziwa. Mukasine alijimiminia mwenyewe. Alikunja kidole kidogo ndani ya ukingo wa kikombe, akamimina taratibu. Chai ilipokaribia kidole, akaacha. Hakumwaga hata tone.

"Yoo!" alisema Daphrose. "Umejuaje kwamba kimejaa?"

"Joto linanifikia kidoleni. Na sauti inabadilika. Kikombe kitupu kina sauti nzito. Kikijaa, sauti inakuwa nyembamba."

Rutayisire alisikiliza. Gwiza alikuwa amelala mapajani pake, na hakutaka mtu amchukue.

"Dada Mukasine," alisema, "ulipofuka lini?"

"Nilikuwa na miezi kumi. Niliugua surua. Sikumbuki kuona kitu chochote. Nilisoma katika shule ya vipofu, nikajifunza kufuma. Sasa padri ananituma nitembelee watu wasioona majumbani. Nilikuwa nimesikia habari zako. Watu waliniambia, yule fundi hataki kujifunza."

"Na wewe unaota?"

"Kwa nini nisiote? Ninalala kama watu wote."

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Sijui kuona kukoje. Naota ninavyoishi." Mukasine aliweka kikombe chini. "Juzi nilimwota mama yangu. Alifariki miaka saba iliyopita. Nilisikia harufu ya moshi na maziwa ya mgando katika nguo zake. Alinishika mkono. Kidole gumba chake kilikuwa na ufa, ule ule, kwa sababu ya jembe. Akaniita jina la utotoni. Nilipoamka mkono wangu ulikuwa bado una joto. Nilitaka kurudi usingizini, nikashindwa."

"Kwa hiyo alikuwa mama yako kamili?" aliuliza Rutayisire.

"Kamili. Alikosa nini?"

"Uso."

"Uso ni wako wewe uliyewahi kuona. Mama yangu ana sauti, ana mikono, ana harufu, ana namna yake ya kukaa karibu yangu. Huyo ndiye mama niliyemjua."

"Je, unaota ndoto mbaya?"

Mukasine alicheka kidogo. "Nyingi sana. Naota nimepotea sokoni, fimbo yangu imeibwa. Naota lori linakuja na sijui limetokea upande gani. Wenzangu wengi tuliosoma nao wanaota hivyo. Kinachokusumbua mchana kinakufuata kitandani."

Rutayisire akasema, "Mimi naota naona. Naona ukuta, mlima, rangi zote. Mama yangu anasema ni dalili kwamba macho yanarudi."

"Kaka," alisema Mukasine, "nimewatembelea watu wengi waliopofuka wakiwa watu wazima. Wote wanaota wanaona. Mmoja ni mzee, ana miaka ishirini bila kuona. Bado anaota ng'ombe wake, na rangi zao. Ulivyoviona vimewekwa kichwani, kama nguo sandukuni. Ukilala, sanduku linafunguka. Lakini ambacho hukuwahi kukiona hakimo humo."

Rutayisire alikumbuka uso wa dada yake katika mwili wa mtoto. Alikaza mkono juu ya Gwiza. "Unataka kusema macho yangu hayarudi?"

"Habari ya macho yako siijui. Mimi si daktari. Nasema kwamba ndoto si barua kutoka kwenye macho."

"Ondoka."

"Baba Gwiza!" alisema Daphrose.

"Aondoke! Nimebaki na kitu kimoja tu, na yeye anataka kukichukua!"

Mukasine alisimama. Alitafuta fimbo yake, akaipata. "Nenda kliniki ya macho," alisema. "Waulize wao. Nami sina hasira. Ahsante kwa chai, Mama Gwiza."

Tak, tak, tak. Sauti ya fimbo ilififia barabarani.

Jumapili Épiphanie alikuja. Alipata habari ya shimo. Alishtuka, akajifanyia ishara ya msalaba. Lakini aliposikia habari ya kliniki, alikataa.

"Mganga alisema tusubiri."

Daphrose hakuwahi kubishana na mama mkwe wake. Siku hiyo alipiga magoti mbele yake kwa heshima, lakini sauti yake ilikuwa ngumu.

"Mama, tumesubiri mwaka na nusu. Mtoto alikuwa anacheza kwenye maji yanayomzidi urefu. Nikiendelea kusubiri, nitazika mtu. Kesho nampeleka."

Épiphanie akafunga mtandio wake. "Basi nakwenda na nyinyi," alisema.

Rutayisire naye alikubali, kwa sababu mtoto alikuwa karibu kufa maji mbele yake. Walikwenda watatu, na Gwiza mgongoni mwa mama yake. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka mmoja kabla, na njiani kulikuwa na kizuizi cha askari. Walitoa vitambulisho, wakasubiri, wakaruhusiwa. Rutayisire alitembea ameshika bega la mama yake, kama alivyofanya alipokuwa mtoto.

Muuguzi wa macho pale kliniki aliitwa Kamanzi. Alikuwa mtu wa kusema wazi. Alimulika tochi katika jicho moja, kisha la pili. Alirudia mara tatu.

"Unaona mwanga?"

"Kidogo. Upande wa kulia."

"Vizuri." Kamanzi alivuta kiti, akakaa karibu naye. "Mzee Rutayisire, nitakuambia ukweli. Jicho lina kioo mbele. Kioo chako kiliungua kwa chokaa, kimekuwa cheupe kama maziwa. Nyuma yake pia pameharibika. Sina dawa ya kukirudisha. Nikikuambia subiri, nitakuwa nakudanganya."

"Lakini naona nikilala!" alisema Rutayisire. "Naona vizuri kabisa!"

"Naamini. Ndoto haiko kwenye jicho. Iko kwenye ubongo, humu kichwani. Ubongo wako ulijifunza kuona kwa miaka thelathini. Unakumbuka. Mtu aliyekatwa mguu pia anaota anakimbia. Akiamka, mguu haujarudi."

Épiphanie alianza kulia polepole.

"Kama wangemwosha kwa maji?" aliuliza Daphrose. "Siku ile?"

Kamanzi alizima tochi. "Huenda angebaki na kuona kidogo zaidi. Sasa hatuwezi kujua. Lakini waambie mafundi wote mnaowajua. Chokaa au saruji ikiingia machoni, msisugue. Msitie maziwa wala majani. Osheni kwa maji safi hapo hapo, mengi, fungueni kope, maji yapite kwa nusu saa na zaidi. Halafu mkimbilie hospitali siku hiyo hiyo."

Siku nyingi zilipita, na Rutayisire hakusimulia ndoto tena. Daphrose aliacha kumwuliza. Asubuhi alimsikia akiamka, akivuta pumzi ndefu, akinyamaza. Mara mbili alimkuta amefunika uso kwa shuka na mabega yanatikisika. Alikaa karibu naye.

Kabla ya Krismasi Épiphanie alifika kutoka Ndera. Kichwani alikuwa na kapu, na mkononi alikuwa na fimbo ndefu ya mkaratusi. Alikuwa ameimenya mwenyewe, akaipaka chokaa ikawa nyeupe. Aliiweka mkononi mwa mwanawe.

"Mama," alisema Rutayisire, "na mganga je?"

"Mganga hana mjukuu kwenye nyumba hii," alisema Épiphanie. "Mimi ninaye."

Rutayisire alipapasa fimbo kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa laini, haina hata kifundo kimoja. Alijua ni kazi ya siku nzima.

"Daphrose," alisema, "mwite yule mwanamke."

Mukasine alikuja kesho yake. Hakukumbusha maneno yaliyopita. Alisema tu, "Simama," na kazi ikaanza.

Alimfundisha kupeleka fimbo kushoto anapokanyaga kwa mguu wa kulia, na kulia anapokanyaga kwa mguu wa kushoto, ili fimbo iguse mahali mguu unaofuata utakapofika. Alimfundisha kuhesabu hatua kutoka mlangoni mpaka chooni. Zilikuwa kumi na tisa. Walifunga kamba kutoka ukutani mpaka hapo, kwa wiki mbili za kwanza. Alimfundisha kusikiliza kuta.

"Kuta zinasema nini?" aliuliza Rutayisire kwa mzaha.

"Piga makofi hapa. Sasa sogea mbele, piga tena. Unasikia? Ukuta unarudisha sauti. Mahali wazi hapairudishi."

Rutayisire alipiga makofi mara kumi, ishirini. Alikuwa amejenga kuta mia na zaidi. Hakujua kwamba zinasikika.

Daphrose naye alifundishwa. "Usihamishe vitu bila kumwambia," alisema Mukasine. "Ndoo ikae mahali pake. Mlango ufungwe wote au ufunguliwe wote, usiachwe nusu. Ukimwongoza, yeye ashike kiwiko chako, usimsukume mbele. Ukiingia chumbani, sema jina lako. Ukitoka, sema pia. Usimwache anaongea na kiti."

Daphrose alicheka, kisha akaona aibu. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi.

"Na mtoto?"

"Mfungeni kengele ndogo mguuni. Na lile shimo, lizungushieni ua leo, si kesho."

Jean-Bosco, fundi aliyefanya kazi na Rutayisire zamani, alikuja na miti, akajenga ua wa shimo. Tangu ajali hakuwa amekanyaga hapo. Alipomaliza alisimama mbele ya Rutayisire akikunja kofia.

"Ni mimi niliyekufuta kwa kitambaa siku ile," alisema. "Sikujua."

"Hakuna aliyejua," alisema Rutayisire. "Sasa waambie wengine."

Siku moja, wakipumzika, Rutayisire alimwuliza Mukasine jambo lililokuwa linamsumbua.

"Yale ninayoyaona usingizini, yatabaki?"

"Kwa wengi yanapungua. Polepole, miaka kwa miaka. Wengine hayawaishii kabisa. Na mambo mapya yanaingia. Sauti, harufu, vitu vya mikononi."

"Sitaki yapungue."

"Najua."

"Wewe huwezi kujua. Wewe hukupoteza."

Mukasine alifuma mistari miwili kabla ya kujibu. "Ni kweli," alisema. "Mimi sitamani kuona, kwa sababu sijui ni nini. Natamani watu wasinishike mkono bila kuniuliza. Natamani mama yangu. Lakini wewe una hamu ya kitu unachokijua. Hilo ni jambo zito, sina dawa yake. Ninachoweza kukufundisha ni njia ya kwenda sokoni."

Mwezi wa sita mvua zilikwisha. Rutayisire aliingia katika shimo lake na kuanza kazi. Alikanyaga udongo kwa miguu mpaka ukawa laini. Aliujaribu kwa vidole: ukishikamana sana, aliongeza majani makavu, ukimeguka, aliongeza maji. Aliujaza katika kalibu ya mbao, akasawazisha juu kwa ubao, akainyanyua kalibu taratibu. Tofali likabaki chini, lenye pembe nne kali. Alilipima kwa kiganja. Kisha la pili, na la tatu. Aliyapanga katika mstari akifuata kamba.

Jean-Bosco alikuja kuyatazama. Aliinama, akafumba jicho moja, akapima mstari.

"Umenyooka," alisema. "Umenyooka kuliko wangu. Nina nyumba ya kujenga Gikondo. Nitayachukua haya yote."

Kuanzia hapo Rutayisire hakukaa tena kwenye kigoda mchana kutwa. Daphrose alikwenda sokoni bila hofu. Gwiza alibaki na baba yake, na kengele yake ililia huku na huku. Rutayisire alijifunza kumjua mtoto huyo. Alijua ana kovu dogo gotini. Alijua akitaka kudanganya, anavuta pumzi kwanza. Alijua nywele zake zinanuka udongo jioni na sabuni Jumapili.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa mwaka 1992, Daphrose alileta maharage na ndizi shimoni. Walikaa kivulini wakala pamoja. Gwiza alikuwa kwa bibi yake Ndera.

"Jana nimemwota Gwiza," alisema Rutayisire.

Daphrose aliacha kula. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu asikie habari ya ndoto. "Alikuwa na sura gani?"

"Hakuwa na sura. Hakuwa na sura ya dada yangu pia. Nilimbeba, basi. Alikuwa mzito kuliko juzi. Alikuwa anaongea karibu na shingo yangu, na pumzi zake zina joto. Nilijua ni yeye. Sikutaka kuinama nimtazame." Akaendelea, "Nilipoamka, bado nilitamani kumwona. Usidhani nimeacha. Natamani kila siku. Lakini alikuwa yeye, si mtu mwingine."

Daphrose alitazama mikono yake mwenyewe. Kulikuwa na swali alilokuwa analibeba kwa muda mrefu.

"Na mimi? Unaniota?"

"Nakuota."

"Nikoje?"

"Una gauni la njano. Una umri ule wa siku tulipofunga ndoa. Lakini siku hizi uso wako unakuja, unapotea. Mara ya mwisho niliona gauni peke yake." Sauti yake ilishuka. "Naogopa, Daphrose."

Daphrose akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Mimi nasuka nywele, nafikiri, za nini? Nani ananitazama? Wateja wananitazama wanunue nyanya. Tangu siku ile sijatazamwa."

Rutayisire aligeuza uso wake upande wa sauti ya mke wake. "Hukuniambia."

"Ungefanya nini?"

"Ningekuuliza. Nakuuliza sasa. Leo ukoje?"

"Leo?" Daphrose alicheka, akajifuta macho kwa kona ya kitenge. "Leo nimeungua na jua. Nimevaa kitenge cha bluu, chenye ndege wenye shingo ndefu. Mashavu yamepungua. Nina mkunjo hapa kwenye paji la uso, na huo umeuleta wewe."

"Na nywele?"

"Nimesuka mistari sita. Mmoja umepinda."

"Upande gani?"

"Kushoto. Nilichoka kukaa, nikamwambia msusi aache hivyo hivyo."

Rutayisire alitabasamu. Udongo ulikuwa umekauka mikononi mwake, na matofali mapya yalikuwa juani, mistari minne, yakisubiri kugeuzwa. Hakuinuka.

"Na macho yako?" aliuliza. "Niambie macho. Usiharakishe."

Daphrose alisogeza sahani pembeni, akakaa vizuri, akaanza kumwambia.